Kikombe cha Kushoto

Nyumbani, tarehe 4 Februari

Mume wangu Cheche,

Salamu nimezifunga kwa kamba ya sidiria zisije zikamwagika njiani, maana huyu dereva wenu wa lori la dizeli, Taratibu, akipiga chafya tu anaegesha gari apumzike. Kama kambini kwenu kungekuwa na mtandao hata wa kuokota, ningekupigia simu nisihangaike na kalamu. Darasa la nne langu unalijua, ukikuta herufi imelala iamshe mwenyewe.

Huku ni salama. Niko mimi na tumbo. Leo ni wiki ya kumi na sita, na tumbo limeanza kutangulia kuingia mlangoni, mimi nafuata nyuma kama mgeni. Wale wawili wa kwanza hawakufika hapa, Cheche. Huyu amefika. Nasema polepole asije akasikia akaringa.

Biashara ipo. Nimefungua mzigo mpya Jumatatu, sidiria tupu, zingine zina lebo bado. Bibi Kamba amekata kamba ya sidiria ya nne tangu mwaka mpya. Nikamuuliza, "Bibi, hizi unavaa au unafungia mbuzi?" Mwalimu Chuma bado hataki isiyo na waya. Dada Nipunguzie amenipunguzia mpaka nikakaribia kumlipa mimi.

Sasa kuna mteja mmoja, mjamzito naye. Alikuwa anajaribu nyuma ya pazia. Mimi unanijua, nikishika mkanda tu nishajua namba. Mimba ikiingia, matiti yanajaa yote mawili kama ndugu waliogombea sahani moja. Huyu kikombe cha kulia kimekaa, cha kushoto kimekataa, upande wa kwapani. Nikapapasa. Kuna kitu kigumu, kama kokoto ndani ya soksi. Hakiumi. Ukikibonyeza hakihami. Alikwenda kliniki, nesi akamwambia ni maziwa yanajipanga. Amekanda na maji ya moto wiki tatu, maziwa hayajajipanga bado, sijui yanasubiri kiongozi wa foleni.

Wewe unaonaje? Nauliza tu.

Mkeo,
Mama Saizi


Kambini, 8 Februari

Mama Saizi wangu,

Nimepata barua na nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kucheka, ya pili kutafuta kama umeniomba hela. Hukuomba. Nimeogopa.

Kazi inaenda. Tunachomelea mabomba ya maji, kila bomba naweza kusimama ndani yake na kofia. Tukimaliza kiungo wanakuja wale jamaa na mashine ya kupiga picha, wanakipiga picha kama mgonjwa wa kifua. Juzi kiungo changu kimoja kwa nje kinang'aa kama sahani ya harusi, picha ikaonyesha ufa ndani mdogo kama unywele. Msimamizi akasema kata, anza upya. Siku mbili za jasho zimekwenda na maji.

Huyo mteja wako mwambie atulie. Nesi amesomea, wewe umesomea kamba na ndoano. Ni maziwa. Usianze kutibu watu sokoni, watakuja kukudai na mtoto.

Tumbo lako lisalimie. Mwambie baba yake anamjengea maji.

Mumeo,
Cheche


Nyumbani, 4 Machi

Mume wangu,

Lori lililopita sikukuandikia, nilikutumia sabuni na soksi tu. Usinune. Nilikuwa nazunguka na yule mteja. Hana mtu, nikamsindikiza.

Tumekwenda hospitali kubwa. Tumekaa kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka makalio yakasahau yalikuja kufanya nini. Daktari mwenyewe ni mama mfupi, anavaa raba nyeupe, nimempa jina Daktari Nukta, maana kila anachosema anakifunga. "Nani kakwambia ni maziwa." Nukta. "Maziwa gani yanakaa wiki tano mahali pamoja." Nukta. "Uvimbe ukipita wiki mbili haujaondoka unapimwa, mimba iwepo isiwepo." Nukta.

Akapelekwa ultrasaundi. Daktari akasema mashine hiyo haimdhuru mtoto, ni ile ile wanayomwangalia nayo tumboni. Halafu akachomwa ganzi, ikaja sindano nene, ikatoa vipande vinne vyembamba kama nyuzi. Vikatiwa kwenye kichupa. Siku tisa za kusubiri majibu. Cheche, wewe umeshasubiri kitu siku tisa? Mteja wangu alikuwa anapanga sidiria kwa rangi, anapangua, anapanga tena kwa namba.

Ni kansa. Nimeliandika haraka kabla kalamu haijagoma.

Daktari Nukta anataka kukata titi lote la kushoto, tarehe kumi na nane mwezi huu. Anasema mimba ikiwa katikati hivi ndiyo nafasi nzuri, mtoto ameshashika, watakuwa naye macho muda wote. Akingoja kuzaa ni miezi minne na kitu, na hicho kitu kifuani hakijui kungoja. Baada ya hapo kuna dripu za dawa, nazo anasema zipo ambazo mimba inazivumilia ikishavuka ile miezi mitatu ya kwanza.

Lakini mteja anaogopa. Anaogopa kwa ajili ya mtoto. Na mume wake yuko mbali. Ananiuliza kila siku, "Mume wangu angesema nini?" Nikamwambia ngoja nimuulize wa kwangu, wanaume wote wametoka kiwanda kimoja.

Basi sema. Usiseme kama fundi wala kama jirani mwema. Sema kama mume. Ungesema nini?

Mkeo,
Mama Saizi


Kambini, 8 Machi

Mama Saizi,

Taratibu anapiga honi huku, leo ana haraka, dunia inaisha. Naandika nimeweka karatasi juu ya goti.

Umeniuliza kama mume, nakujibu kama mume. Mwambie angoje azae. Miezi minne si miaka. Mtu kapata mimba, unamlaza mezani, unamtia usingizi, unamchana, halafu unamwekea dripu za sumu, huyo mtoto atatoka na akili gani? Wewe na mimi tunajua kupoteza mtoto kulivyo. Hao madaktari hawakai na wewe usiku ukiwa umegeukia ukuta. Mtoto kwanza. Vingine vitangoja.

Na mwambie tena huyo mama, mume kaondoka nyumbani ameacha jozi, arudi akute moja? Hata viatu haviuzwi hivyo! Mcheke kidogo huyo, kicheko ni dawa, wewe ndiye uliyenifundisha.

Kula vizuri. Usibebe mizigo, mwambie jirani akubebee.

Mumeo,
Cheche


Kambini, 10 Machi

Mke wangu,

Lori limeondoka juzi na barua ya kijinga. Lingine ni tarehe ishirini na mbili. Naandika hii sasa hivi, sijui kwa nini, haina pa kwenda.

Leo nilikuwa ndani ya bomba, kofia ya kuchomelea usoni. Ukiwa ndani ya ile kofia huoni dunia, unaona nukta moja ya moto basi. Akili inazurura yenyewe. Nikawa nacheka peke yangu nikimkumbuka Bibi Kamba na mbuzi wake. Nikamkumbuka Mwalimu Chuma, Dada Nipunguzie. Huyo daktari umekaa naye siku moja umeshampa jina. Taratibu ulimpa jina kabla hajazima injini. Mwaka jana kuna mtu alikuuliza njia ya posta, mpaka leo ukimsema unamwita Bwana Kona.

Nikauliza, yule mteja anaitwa nani?

Nikazima mashine.

Umezunguka naye wiki nne. Umekaa naye benchi. Umempapasa kwa mkono wako. Na hana jina. Amekuwa "mteja" barua mbili nzima. Mimi nimekaa na wewe miaka tisa, hujawahi kuacha mtu hivi hivi bila kumbatiza.

Mama Saizi, kama nimekosea nicheke mpaka uchoke. Kama sijakosea, chana barua yangu. Kata. Wakate leo. Mimi nimesema angoje, sikusema ungoje. Nilidhani namjibu mtu baki. Bomba lenye ufa hatufungulii maji kwanza halafu ndio tukate, kazini hilo nalijua hata nikiwa nimelala, nikakuandikia kinyume chake huku natafuta cha kuchekesha.

Ile ya viatu sijui niifute na nini.

Cheche


Wodini, kitanda cha saba, 17 Machi

Mume wangu,

Barua yako niliipata tarehe kumi. Mteja ameisoma. Mteja ni mimi.

Sasa kaa chini. Kama uko ndani ya bomba, toka.

Nilitaka kukwambia tangu siku ya kwanza. Ile sidiria niliijaribu mimi, nyuma ya pazia langu, kabla sijaitundika. Lakini wewe uko siku mbili tatu kutoka hapa, na wale wawili tuliowazika ulilia kuliko mimi, nikasema ngoja kwanza nijue ni nini. Nilipojua ni nini, nikasema ngoja nijue mume wangu atasemaje akiwa hajui ni mimi. Maana ukijua ni mimi utasema maneno mazuri. Mimi nilitaka ya ndani kabisa. Ujanja wa sokoni, Cheche. Muuzaji akijua unaitaka sana bidhaa hakwambii bei ya kweli.

Basi nikaipata bei.

Ile ya viatu nilicheka. Kweli kabisa, nilicheka, jirani akauliza mume wako kaandika nini, nikamwambia huyu mtu ni mwendawazimu. Halafu nikaenda chooni nikafungulia bomba lisikike.

Siku sita nilikaa na barua yako chini ya mto. Mara mbili nilitoka kwenda kumwambia Daktari Nukta tuahirishe. Ya kwanza nikaishia getini. Ya pili nikaingia. Nikamwambia, "Daktari, mimi nimemchagua mtoto." Akavua miwani. Akasema, "Nani kakwambia uchague? Mimi sijakuwekea mizani hapa." Nikamwambia mume wangu. Akauliza, "Mume wako ni daktari?" Nikasema ni fundi wa kuchomelea. Akasema, "Vizuri. Muulize hivi. Nyumba ikishika moto, mpangaji anaokoka vipi kama nyumba umeiacha iungue?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

Akanieleza tena polepole kama mtu anayefundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Operesheni si tumboni, ni kifuani. Mtu wa usingizi atakuwa wa kwangu peke yangu. Kabla na baada watasikiliza moyo wa mtoto. Hatari ipo, hakunificha. Ila hatari ya kukaa nayo miezi minne ni kubwa zaidi, kwangu na kwake. Kuitoa mimba hakunitibu, wala kuiacha mimba hakuzuii kunitibu. Hayo ndiyo maneno yake, nimeyashika kama namba ya simu.

Leo mchana wameleta fomu. Nesi akauliza, "Mume yuko wapi?" Nikasema yuko ndani ya bomba. Akanitazama. Akaandika "safarini". Nikaweka sahihi yangu ya darasa la nne, ile inayopanda mlima. Leo mlima ulikuwa na mabonde.

Kwa hiyo barua hii siyo ya kukuuliza. Kesho saa tatu asubuhi naingia. Nimekusikia, mume wangu, na nimekataa.

Kama nikitoka nitakuandikia. Nisipotoka, mwenye meza ya jirani ana funguo, sidiria za waya asiuze kwa hasara.

Anapiga teke sasa hivi. Ameanza juzi. Sijui naye yuko upande gani.

Mkeo


Kambini, 22 Machi

Mama Saizi,

Yako ya tarehe kumi na saba nimeipata jana. Ndani ya bahasha hii utakuta niliyoiandika tarehe kumi. Isome, uone tarehe. Nilikuwa nishajua.

Leo ni siku ya nne tangu uingie. Huyu Taratibu aliondoka huko asubuhi ya siku ile ile, hajui lolote, nimemshika shati nikamuuliza ulitoka au hukutoka, anasema yeye alipewa barua tu na jirani.

Niandikie neno moja. Hata tusi.

Cheche


Nyumbani, 1 Aprili

Cheche,

Niko hai. Hilo ndilo neno, na nimekuongezea moja la bure.

Bahasha yako ilifika tarehe ishirini na nne. Niliamka kule chumba cha operesheni mdomo umekauka kama kamba ya katani, mkono wa kulia ukaenda tumboni kwanza wenyewe. Bado nalewa ile dawa ya usingizi. Nikasema, "Yupo?" Nesi akaweka kile kimashine, nikasikia ule moyo unakimbia kama mwizi wa kuku. Ndipo mkono ukapanda juu. Upande wa kushoto kulikuwa na bandeji na mrija na kichupa kinaning'inia. Nikasema basi, hapa pamekuwa uwanja. Nesi akacheka. Mimi nikalia. Tukabadilishana.

Walitoa na tezi za kwapani, tisa. Mbili zimekutwa na kansa. Daktari Nukta hakupamba. Akasema, "Ungengoja uzae, tusingekuwa tunahesabu mbili." Nukta. Nikamwomba arudie, nikijua nitakuandikia.

Sasa tuje kwenye barua yako ya tarehe kumi. Nimeisoma. Nimeshukuru. Imeandikwa na mtu anayenijua mpaka kwenye mshono. Ila kuna vitu viwili vimenikaba, na mimi kitu kikinikaba siwezi kumeza na maji.

Cha kwanza. Unasema ulidhani unamjibu mtu baki. Na angekuwa ni mtu baki kweli? Angekuwa ni yule Dada Nipunguzie, ana watoto watatu, angesikiliza neno lako kupitia mdomo wangu, angengoja, angekufa. Kwa ajili ya mume wa muuza sidiria aliyekuwa ameweka karatasi juu ya goti. Umeniomba radhi kwa sababu ni mimi. Yule mteja ambaye hakuwepo hujamwomba. Mimi nadhani ungemwomba na yeye.

Cha pili. Nimemuuliza Taratibu, "Tarehe ishirini na mbili ulirudi na nani?" Akasema peke yake. Nikamuuliza kiti cha pembeni kilikuwa na nini. Akasema, "Dada, niliweka gunia la vitunguu." Vitunguu, Cheche. Mke wako alipanda mezani, hujui yuko hai au wanamwosha azikwe, lori linakuja mjini, kiti kitupu, na wewe ukapandisha karatasi. Vitunguu vimefika. Vimekuja kuniona. Vimenitoa na machozi, mume wangu hakuja.

Sikuzoea kuandika hivi. Kalamu inaniuliza kama ni mimi.

Nikwambie yaliyobaki. Dripu ya kwanza ni tarehe nane, saa mbili asubuhi. Mimba itakuwa wiki ya ishirini na tano. Zitakuwa kila baada ya wiki tatu, dripu nne kwanza, wataziacha wiki kadhaa kabla ya kuzaa ili damu yangu na ya mtoto zitulie. Wanataka afike wiki ya thelathini na saba akiweza. Ile ya kupigwa miale inangoja mpaka azaliwe, hiyo ndiyo isiyopatana na tumbo. Nywele zitaondoka. Na kunyonyesha wakati dawa iko mwilini hakuna. Hata hili la kulia lililobaki litakuwa pambo.

Sokoni nimerudi kukaa tu, jirani ndiye anayetundika. Jana Bibi Kamba alikuja. Akaniangalia kifuani, akaniangalia usoni. Nikamwambia, "Bibi, sasa hivi hata mimi najinunulia nusu bei." Hakucheka. Akavuta kigoda, akakaa na mimi mpaka tukafunga. Hakununua kitu. Yule mtu hajawahi kuondoka kwangu bila kununua.

Mchana nafanya utani, watu wanasema Mama Saizi ni jiwe. Jioni nikifunga mlango nashika tumbo najiuliza, hiyo dawa itajuaje huyu ni kansa na huyu ni mtoto? Daktari amenieleza mara tatu. Naelewa nikiwa kule kwake. Nikifika nyumbani naogopa upya.

Naogopa, Cheche. Hilo sijaliandikia utani wowote.

Mkeo


Mlangoni kwako, 7 Aprili, saa kumi na moja jioni

Mama Saizi,

Barua hii anakupa Taratibu mkononi. Mimi niko kwenye ngazi nyuma yake, chini, nimekaa. Nimemwambia asikwambie mpaka ufike kwenye mstari huu. Kama ameshasema ni kwa sababu hawezi kushika siri, hilo nalo tumempa jina vibaya.

Nimeiandika njiani, ndiyo maana mistari inaruka. Sikutaka kufika nikaanza kuongea. Nikianza kuongea nitaweka utani, nakujua na wewe, utaudaka, tutacheka, na lile jambo litabaki limekaa katikati ya chumba hakuna anayeligusa.

Tarehe ishirini na mbili nilikuwa nimefunga begi. Ni kweli kulikuwa na nafasi. Nilipanda. Mguu mmoja ulikuwa ndani, mmoja kwenye ngazi ya lori. Nikashuka. Nikampa Taratibu bahasha, nikasema nina kiungo cha kumalizia. Hakukuwa na kiungo. Niliogopa kufika nikakuta watu wamekaa nje. Basi ni hilo tu. Nilijiona nateremka pale kona, naona viti vimepangwa uani, watu wananigeukia. Barua ikifika kwenye msiba ni karatasi, mtu anaiweka juu ya kabati. Mimi nikifika ndipo inakuwa kweli. Kwa hiyo nikakaa kambini siku kumi na nne, ukiwa hai kwa sababu sijui.

Wewe uliingia mle ndani peke yako, ukiwa na barua yangu inayokwambia usiingie. Mimi sikuweza kupanda lori.

Na yule mteja nimemwomba radhi. Hivi ndivyo nilivyofanya. Mpishi wetu pale kambini, mama mtu mzima, siku moja alisema ana kitu kwapani, vijana wakamtania, na mimi nilitania. Juzi nilimfuata jikoni. Nikamwambia mama, mimi ni mjinga, lakini kile kitu hakiachwi, kinapimwa. Nikamwambia habari zako zote, nisamehe, nilikutaja. Amekuja na sisi kwenye hili lori. Tumekaa watatu mbele siku mbili, Taratibu analalamika hana pa kuweka kiwiko. Yuko kwa mdogo wake, kesho anakwenda kupimwa. Sijui majibu yake yatakuwaje. Nakwambia ili ujue nimekusikia, si ili unisifu.

Msimamizi kasema nikiondoka kazi inachukuliwa. Imechukuliwa.

Kesho saa mbili una dripu. Wanasema pembeni ya kitanda panawekwa kiti kimoja. Nataka kukaa pale. Sijaja kuomba unisamehe leo, na sikuambii nimebadilika, hayo huonekana baadaye. Nataka tu dawa ikianza kuingia uwe na mkono wa kuubana mpaka uvunjike. Na ukiniuliza tena itajuaje nani kansa nani mtoto, nitasema sijui, twende tukamuulize daktari mara ya nne.

Ukisema hapana, kesho nitakaa nje ya geti la hospitali mpaka utoke. Sitapiga kelele. Jibu andika hapo hapo nyuma, umpe Taratibu. Sipandi mpaka nisome.

Cheche


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Cheche,

Nimekuona dirishani tangu ulipofika kona, hao watu wa kukaa nje ulikuwa wewe peke yako.

Panda. Buti acha mlangoni. Sijakusamehe, usije ukaingia umejinyoosha. Ukiingia niangalie usoni kwanza, halafu kifuani, uangalie vizuri, umalize kuangalia, kisha uje uweke mkono tumboni, maana tangu nianze kusoma anapiga teke hapumziki.

Na kama una machozi yalie yote hapo ngazini sasa hivi. Kesho ni zamu yangu.

Mkeo